Santuri za vichekesho: Nani anatunza kicheko chetu?

Na Mwandishi Wetu

Yapo makabati katika nyumba nyingi za Daraja Mbili, mjini Arusha, ambayo hufunguliwa kwa tahadhari, kwani mlango ukivutwa kwa nguvu humwagika santuri. Ni zile santuri za plastiki zing'aazo, zenye upana wa sentimita 12, ambazo nyingine zimo katika majalada yenye picha za waigizaji, nyingine katika vifuko vya nailoni, na nyingi zaidi zimelaliana tupu tupu zikikwaruzana. Kwa miaka kumi hivi na ushei, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, santuri hizo ndizo zilizokuwa sinema ya mfanyakazi. Leo watoto wa nyumba hizo hizo wanatazama simu. Deki imekufa, au imeuzwa kwa fundi kwa ajili ya vipuri, na santuri, zikipata bahati ya kupewa kazi nyingine, huning'inizwa juu ya mboga kufukuza ndege.

Hata hivyo wako wachache ambao hawakuzitupa, nao hawakusanyi ovyo. Wengine huhifadhi mapigano ya Wachina, wengine nyimbo za injili, wengine picha za Kihindi. Makala haya yanawahusu wale wanaokusanya vichekesho vya televisheni, yaani ile michezo ya mfululizo ambayo wahusika wake ni wale wale kila juma, nyumba ni ile ile, na ugomvi wao hauna mwisho. Kwa mkusanyaji wa namna hii santuri moja haitoshi. Anayeupenda mchezo wa aina hiyo anautaka wote, tangu sehemu ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo ndipo taabu yake inapoanzia, na ndipo pia linapojitokeza jambo ambalo yafaa sisi sote tulitafakari: kwamba ni rahisi zaidi kwa mkazi wa Daraja Mbili kukamilisha vichekesho vya London vya mwaka 1977 kuliko vya Dar es Salaam vya mwaka 1997.

REDIO KWANZA

Ndugu msomaji aliyezaliwa juzi huenda asijue kwamba televisheni ilichelewa sana kuingia Tanzania Bara. Zanzibar ilianza kuwa na televisheni yake, tena ya rangi, mwaka 1973. Bara tulingoja hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi kama ITV, na televisheni ya Taifa ikafuata miaka michache baadaye. Serikali ya wakati ule iliona kwamba nchi yenye vijiji visivyo na maji wala zahanati haikupaswa kukimbilia mitambo ya anasa. Wako waliolalamika, lakini uamuzi huo ulikuwa na hoja.

Kicheko, hata hivyo, hakikungoja televisheni. Nyumba za wafanyakazi zilicheka kwa masikio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili ambao kila hila yao iliwarudia wenyewe, na mtaa mzima uliweza kusikiliza redio moja iliyowekwa dirishani. Aliyetaka kuona picha alikwenda Metropole, sinema ya mjini Arusha, akiwa amevaa nguo yake ya Jumapili.

Kisha zikaja kanda za video. Mwenye deki alikuwa mtu mkubwa katika mtaa. Jumapili mchana viatu vilijaa mlangoni kwake kama mlangoni mwa msikiti, na watoto waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Baadaye palizuka vile vibanda vya kuoneshea video kwa kiingilio, ambavyo wananchi wenyewe, kwa kujua hali ya mabenchi yake na hewa yake, waliviita vibanda umiza. Arusha ni mji ulio katika njia ya Namanga, na kilichotazamwa Nairobi hakikuchelewa sana kutazamwa Ngarenaro, Kaloleni na Unga Limited.

Santuri za video, zile zijulikanazo kama VCD, zilibuniwa mwaka 1993, na DVD zikaanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Zilipoenea kwetu, kanda ikafa haraka. Santuri ilikuwa nyepesi, rahisi na haikuliwa na mashine. Machinga aliweza kubeba sinema mia moja kwa mkono mmoja. Kiwanda cha mwisho duniani kilichokuwa kikitengeneza deki za kanda, cha kampuni ya Funai ya Japani, kiliacha kazi hiyo mwaka 2016, lakini kwetu mazishi yake yalikwisha kufanyika miaka kadhaa kabla.

DARASA LA BWANA BROWN

Mstaafu mmoja wa Daraja Mbili, ambaye katika ujana wake alikuwa fundi mitambo kiwandani, ameomba jina lake lisichapwe kwa sababu anachelea majirani watakuja kuazima. Anacho kitabu kikubwa cha mistari, kaunta buku ya kawaida, ambamo amepiga mistari kwa rula na kuandika namba 1 hadi 42. Mbele ya kila namba kuna alama: anayo, anayo ila inakwama, au hana. Namba hizo ni sehemu za mchezo wa Kiingereza uitwao Mind Your Language, na hapana shaka kwamba wasomaji wengi wa umri wake wamekwisha tabasamu kwa kusikia jina hilo tu.

Kwa faida ya vijana, mchezo huo ni wa darasa la jioni mjini London. Mwalimu kijana, Bwana Brown, anafundisha Kiingereza watu wazima waliotoka nchi mbalimbali: Mhindi, Mpakistani, Mtaliano, Mgiriki, Mhispania, Mfaransa, Mjerumani, Mjapani, Mchina na wengineo. Kila mmoja anaharibu lugha kwa namna ya kwao. Kalasinga Ranjeet anaomba radhi mara elfu moja kwa kila kosa, Bibi Jamila anafuma sweta darasani, Ali anajibu swali tofauti na aliloulizwa, na mwalimu mkuu, Bibi Courtenay, hufungua mlango pale tu ambapo jambo la aibu limefikia kilele.

Mchezo huo uliandikwa na Vince Powell na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Desemba, 1977. Hadi mwaka 1979 zilikuwa zimetengenezwa sehemu 29. Hapo mkuu wa vipindi wa kituo kilichokuwa kikiutoa, Michael Grade, akausimamisha, kwa maoni kwamba unawadhalilisha wageni kwa kumfanya kila mmoja kuwa kikaragosi cha taifa lake. Mwaka 1985 mtayarishaji mwingine aliufufua na sehemu 13 zikaongezwa, bila ya baadhi ya wale wa zamani. Dino Shafeek, aliyecheza kama Ali, alikuwa amefariki mwaka 1984. Ndiyo asili ya namba 42 katika daftari la mstaafu wetu. Barry Evans, aliyekuwa Bwana Brown, hakupata tena sifa ya namna ile. Mwishowe alikuwa akiendesha teksi, na alifariki mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 53.

Sasa, yafaa kuuliza: mchezo uliosimamishwa Uingereza kwa sababu ya kuwadharau wageni, ulipendwaje hivi na wale wale wanaoitwa wageni? Ulipendwa India, ukapendwa Sri Lanka, ukapendwa Nairobi na Dar es Salaam. Mwandishi wa makala haya anadhani jibu limo katika darasa lenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo mamilioni ya wakulima na wafanyakazi walikaa chini ya miembe, viwandani na katika ofisi za kata, wakiwa na daftari na penseli, wakijifunza kusoma. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za Serikali, walikuwa chini ya asilimia 10. Mtu aliyepita katika ngumbaru, au aliyemwona baba yake akienda ngumbaru, anapomwona Jamila akishika penseli kama mwiko, hacheki ugeni wake. Anacheka alichokijua nyumbani.

Aidha, ni nani kati yetu ambaye hakuchapwa au kuvishwa kibao shingoni kwa ajili ya Kiingereza kibovu? Katika darasa la Bwana Brown watu wazima wanakosea kwa sauti kubwa, hawachapwi, na kesho yake wanarudi. Hilo peke yake ni faraja.

Hii si kusema kwamba Michael Grade hakuwa na haki. Mzazi anayeuonesha mchezo huu kwa watoto afanye kazi kidogo ya kuuliza na kueleza. Mfaransa daima ni mrembo wa kuvuruga wanaume, Mjerumani daima ni mkali, na binti wa Kichina, Su-Lee, hutembea na kitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao kifuani na kugombana na Mjapani kila nukta. Watanzania wa miaka ile, ambao Wachina walikuwa wakijenga nao reli ya TAZARA, walikijua kitabu hicho na hawakukiona kuwa ni kichekesho. Tena tazama vyema: katika darasa zima la wageni wa London hakuna Mwafrika hata mmoja katika wale wa kudumu. Huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyotuwezesha kucheka bila ya kuumia. Mjukuu wa mstaafu aliliona jambo hilo kabla ya babu yake.

Tukirudi kwenye hesabu: kila sehemu ni ya dakika kama 25. Santuri ya VCD huchukua saa moja na robo hivi, kwa hiyo ni sehemu tatu, na anayetaka zote 42 atahitaji santuri 14. Santuri ya DVD ya kawaida, ikirekodiwa kwa ubora unaostahili, hubeba kama saa mbili. Lakini katika soko letu ziliingia zile DVD za mkupuo, zenye sinema 20 au 30 katika santuri moja, ambazo zilibanwa kiasi kwamba nyuso zinafanana na ukuta uliotapakaa matofali. Mstaafu wetu anayo moja ya namna hiyo yenye maandishi yanayoahidi mchezo wote. Ndani yake alikuta sehemu 26, nne kati ya hizo zimerudiwa, na mbili za mwisho si za mchezo huo. Ameihifadhi pamoja na kasoro hizo, kwa sababu imo sehemu moja ambayo hakuipata kwingineko. Namba zilizobaki wazi katika daftari lake nyingi ni za mwaka 1985, zile za ufufuo, ambazo hata huko kwao zilikuwa adimu kwa muda mrefu. Mkewe hana pingamizi na santuri. Pingamizi lake ni deki tatu zilizo chini ya kitanda.

NA VYA KWETU JE?

Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Mwananchi huyo huyo akitaka kufungua ukurasa wa pili katika daftari lake kwa ajili ya vichekesho vya Afrika Mashariki, aandike namba ngapi? Hajui, wala hana wa kumuuliza.

Chukua Vitimbi, mchezo wa televisheni ya Kenya ulioanza katika miaka ya 1980 na kudumu kwa miaka mingi. Mzee Ojwang' na Mama Kayai walikuwa jamaa wa kila nyumba iliyoweza kuwaona, upande ule wa mpaka na upande huu. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alifariki Julai 2015. Pamoja nao kulikuwa na Vioja Mahakamani, ambamo washtakiwa waliigeuza mahakama kuwa kijiwe. Zilizopita sokoni kwetu katika santuri ni sehemu za hapa na pale, zilizonakiliwa kutoka nakala ya nakala, bila namba wala tarehe.

Kwa upande wetu, Said Ngamba, yaani Mzee Small, aliyefariki Juni 2014, alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza kutambulika kwa sura na wala si kwa sauti peke yake. Kundi la Kaole liliwafanya watu wakimbie kutoka kazini ili wawahi mchezo wa jioni wa ITV. Baadaye wakaja vijana wa Ze Comedy, akina Joti, Masanja na Mpoki, waliovuma katika EATV kisha wakahamia televisheni ya Taifa kwa jina la Orijino Komedi. Kwa jina la Ze Comedy peke yake ulizuka mvutano, jambo linaloonesha kwamba kicheko kilikwisha kuwa mali. Na juu ya wote alikuwapo Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, ambaye alihama na kila chombo kilichotokea: jukwaa, kanda, santuri. Alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti, 2018.

Santuri za Majuto zipo tele katika makabati ya Daraja Mbili. Lakini tuelewane. Nyingi ya hizo ni michezo iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya santuri, ikakatwa vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili, na kila mwenye kuijua biashara hiyo atakumbuka uchungu wa kupata sehemu ya kwanza bila ya pili. Vile vilivyorushwa hewani juma kwa juma ni habari nyingine. Mkusanyaji hakuwahi kuviona dukani vikiwa vimepangwa kwa mwaka na kwa namba, kama walivyopangiwa Waingereza vyao.

Sababu ni kadhaa, na si zote ni za uzembe. Kanda za kurekodia zilikuwa ghali, na desturi ya vituo vya televisheni duniani ilikuwa ni kufuta cha jana ili kurekodi cha leo. Shirika la Utangazaji la Uingereza lenyewe, pamoja na utajiri wake, lilifuta mengi; katika vichekesho vyake maarufu vya Dad's Army, sehemu tatu hazijulikani ziliko hadi leo. Wamarekani waliotengeneza I Love Lucy mwaka 1951 waliokoka kwa sababu walipiga picha zao katika filamu za sinema, badala ya kurusha moja kwa moja na kusahau. Ndiyo maana mchezo huo wa miaka zaidi ya 70 ungali ukiuzwa mzima.

Yafaa pia kukumbuka yaliyotokea Nigeria. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba katika mji wa Jos, katika ghala la kituo cha televisheni, zimepatikana sehemu tisa za Doctor Who, mchezo wa Kiingereza wa miaka ya 1960, ambazo zilidhaniwa zimekwisha potea. London ilifuta, Afrika ikatunza bila kujua. Kama stoo ya Jos iliweza kuwatunzia Waingereza mali yao, kabati la Daraja Mbili halishindwi kututunzia yetu.

Sababu nyingine ni mikataba. Msanii wetu alizoea kuuza kazi yake moja kwa moja kwa msambazaji, akapewa fedha mkononi, na baada ya hapo hakuwa na habari ya nakala ngapi zimetoka wala zimekwenda wapi. Majuto alipokuwa mgonjwa, mwaka 2018, suala la mikataba yake lilizungumzwa hadharani, na Wizara inayohusika na habari na sanaa ikaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Nchi ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ina COSOTA ya kuisimamia, na mwaka 2013 ilianza kutumika stempu ya Mamlaka ya Mapato katika santuri za muziki na filamu ili halali ijulikane. Stempu hiyo ndogo, kwa njia, ni msaada mkubwa kwa mkusanyaji: santuri yenye stempu haiwezi kuwa imeuzwa kihalali kabla ya mwaka huo, na kwa kawaida ni ya kiwandani, wala haikuchomwa katika chumba cha nyuma.

Maana lazima tuseme ukweli kuhusu kuchoma. Nakala za wizi ndizo zilizoeneza vichekesho hivi katika nyumba za kipato cha chini, na nakala za wizi ndizo zilizomnyima msanii jasho lake. Mambo yote mawili ni kweli. Mtu mwenye nakala ya namna hiyo kabatini asiitupe, kwani huenda ndiyo pekee iliyobaki. Lakini asiichome tena na kuiuza, kwa kuwa hapo atakuwa anamwibia mjane.

Wako watakaosema kwamba siku hizi kila kitu kimo katika intaneti. Vimo vipande, naam, na vingine ni vizuri. Lakini vimewekwa na watu binafsi, bila mpangilio, mara nyingi vimekatwa mwanzo na mwisho, na vinaweza kuondolewa usiku mmoja bila ya mtu kuaga. Isitoshe, familia ya watu sita haiwezi kuketi mbele ya simu moja, na bando huisha kabla ya kicheko. Shirika la Utangazaji Tanzania limerithi maktaba ya sauti ya Redio Tanzania, ambayo ni hazina isiyo na kifani. Ingekuwa heri kama vituo vyote, vya umma na vya binafsi, vingetoa orodha ya vichekesho vilivyomo katika stoo zao, hata kabla ya kuvirusha au kuviuza. Orodha haigharimu mitambo. Kitabu kikichapwa nchini nakala yake hutakiwa ipelekwe maktaba ya Taifa. Mchezo uliowachekesha watu milioni unastahili heshima kama hiyo, na Bodi ya Filamu, ambayo kazi yake ni kukagua na kupanga madaraja ya filamu, inaweza kuwa mahali pa kuanzia.

KABLA HAZIJANYAMAZA

Wakati tukingoja hayo, kuna kazi ya nyumbani. Santuri haiishi milele. Ile ya kiwandani ina tabaka jembamba la alumini lililochapwa vishimo vidogo sana, na mwale wa leza huvisoma. Ile iliyochomwa nyumbani haina vishimo. Ina rangi maalumu iliyounguzwa, na rangi hiyo hupauka. Kwa hiyo zilizochomwa ndizo zitakazokufa kwanza, hasa zilizowekwa dirishani au juu ya televisheni penye joto.

Watu wengi huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa. Ni kweli kwamba mikwaruzo hiyo hukwamisha picha, lakini katika VCD hatari kubwa iko upande wa juu, wenye maandishi, kwa sababu tabaka la taarifa limelala chini tu ya rangi hiyo. Ukiukwaruza upande huo kwa msumari, hakuna fundi atakayekusaidia. DVD ina nafuu, kwani tabaka lake limo katikati, kati ya plastiki mbili. Kwa sababu hiyo usiandike juu ya santuri kwa kalamu ya wino yenye ncha kali, wala usibandike karatasi.

Vumbi la Unga Limited na Sombetini tunalijua, na ukungu wa Juni na Julai unaoshuka kutoka Mlima Meru tunaujua pia. Santuri zisimamishwe wima kama vitabu, kila moja katika kifuko chake, mbali na ukuta unaotoka unyevu. Kusafisha ni kwa kitambaa laini cha pamba chenye maji kidogo, na mkono utoke katikati kwenda ukingoni. Usizungushe kama unayeosha sahani, kwa maana mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoisumbua leza zaidi. Wenye kanda za zamani za VHS wazikague kama zina utando mweupe. Huo ni uyoga, na kanda yenye uyoga ikiingizwa katika deki itaziambukiza nyingine zote zitakazofuata.

Jambo la haraka zaidi ni kunakili. Kompyuta ndogo za siku hizi nyingi hazina mlango wa santuri, lakini kisomeo cha nje chenye waya hupatikana madukani, na kijana yeyote wa mtaani anaweza kukifunga. Ukiifungua VCD katika kompyuta utakuta kabrasha lenye jina la MPEGAV, na ndani yake ndimo lilimo faili la picha. Katika DVD kabrasha ni VIDEO_TS. Nakili kabrasha zima, wala usikubali fundi alibane ili kuokoa nafasi. Andika jina la mchezo, sehemu, mwaka kama unaujua, na mahali ulipoipata. Kisha weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, moja kwako na nyingine kwa ndugu, kwani wizi na moto havichagui.

Wenye kuhitaji kuanza waanze na vile ambavyo havina mwenyewe dukani: rekodi za televisheni za miaka ya 1990 zilizofanywa nyumbani, zenye matangazo ya biashara katikati na saa ya kituo pembeni. Watu huzidharau kwa sababu picha inaruka. Lakini matangazo hayo na saa hiyo ndiyo yatakayowezesha, siku moja, kujua sehemu ile ilirushwa lini.

Na deki nayo isisahauliwe. Kinachokufa mara nyingi ni jicho la leza, na mafundi wa kuzunguka soko la Kilombero bado wanayo ya kuchomoa katika mashine kuukuu. Mstaafu wetu anashauri kuwa na deki mbili za aina moja, moja ya kutazamia na nyingine ya vipuri. Ya tatu, anakiri mbele ya mkewe, ni uchu tu. Na kabla ya kumpelekea fundi deki yako iliyokufa aichinje kwa ajili ya jicho lake, mwombe aifungue ukiwapo. Kuna wengi waliokwisha kuuza deki pamoja na santuri iliyokwama ndani.